Shikamoo ya Chuma

Dada wa kituo cha mafuta pale Buzuruga hashiki mpira wa petroli kabla hajabandika kiganja chake kikavu kwenye nguzo ya chuma. Mwenye dumu la plastiki anaambiwa, "Shusha chini kwanza," kwa sauti ileile, hata awe nani. Juzi, katika ukavu wa kiangazi, mvuvi mmoja alivua koti la nailoni likilia chachacha kwa umeme wa msuguano, akanyoosha mkono kufunika dumu lake lililokwishajazwa, mvuke wa petroli ukitoka mdomoni mwake. Dada akamdaka mkono. "Kaka, mpe chuma shikamoo kwanza!" Alipogusa nguzo, cheche ikaruka, tak! Foleni nzima tukarudi nyuma. Dada akashusha pumzi, akacheka. "Umesikia marahaba yake? Afadhali kaitikia hapa kuliko mdomoni mwa dumu."