Nguchiro wa Pili na Robo ya Mjane

Sehemu ya pili ilikuwa mbovu. Nasema hivi nikijua nitachekwa, maana kila aliyecheza michezo ya televisheni Mombasa miaka ya tisini atakuapia kwamba ya pili iliipita ya kwanza kwa kila kitu: rangi, muziki, raundi za barafu na mapango, na zaidi ya yote, watu wawili kucheza kwa pamoja. Rangi, haya. Muziki, haya. Hilo la wawili ndilo linalonitia ghadhabu mpaka leo.

Ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja. Mnyama mmoja mwenye buti nyekundu, akirukaruka magogo na kuokota mapera. Mjomba wangu akisema ni nguchiro, mkewe akisema ni panya aliyeshiba. Mjomba alikuwa karani wa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na waliishi Mji wa Kale, ghorofani, chumba kikitazama uchochoro. Hawakujaliwa mtoto. Jioni walikaa kitandani wakipokezana padi, kile kidude cha vitufe cha kushika mkononi. Huyu akifa, yule anapokea. "Umeniua!" "Umekufa mwenyewe, macho unayo!" Nikiwatembelea nilikuwa wa tatu kwenye zamu, na mkaza mjomba hakuwa na huruma hata kidogo, akiishika padi haachi. Waliumaliza mchezo ule mara nyingi, mpaka kaseti yake ikaota kutu kwa hewa ya chumvi, ikafa.

Mjomba akamwagiza ya pili rafiki yake mmoja baharia. Kabla haijafika, moyo ulimsimama kazini, akarudishwa nyumbani kwa pikapu ya ofisi.

Mkaza mjomba akaingia eda. Nyumba ilikuwa ya mjomba na mama yangu, waliyoachiwa na baba yao, na ilikuwa imeshaamuliwa kwamba eda ikiisha mjane atarudi kwao Bondeni. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza fomu foo, kazi sina, nikatolewa kwetu Buxton kwenda kukaa naye. Aliyenipeleka ni mama, dada wa marehemu, na si kwa wema. "Ukae umtazame," aliniambia njiani. "Kitu cha ndugu yangu kisitoke mle ndani."

Baharia alikuja siku moja asubuhi. Kuonana na mjane wa eda hawezi, basi akasimama chini ngazini, akanikabidhi mfuko, akafuta macho, akaenda zake. Ndani mlikuwa na ile sehemu ya pili. Juu ya boksi kuna picha ya baba, mama na watoto wawili wamekaa kochini, wakicheka mpaka magego yanaonekana. Mchezo wa familia nzima! Mkaza mjomba aliitazama picha ile kwa muda, kisha akaigeuza ielekee ukutani.

"Chomeka," aliniambia.

"Mkaza mjomba, watu watasema."

"Na waseme. Aliuagiza yeye. Nataka niuone mwisho wake kabla sijatolewa nyumba hii. Sina jingine ninalolitaka."

Alizima sauti kabisa. Kisha akazichomeka padi zote mbili. Moja akaishika, ya pili akailaza juu ya mto, upande aliokuwa akilala mjomba.

Sasa sikilizeni ubaya wa mchezo huu. Nguchiro alikuwa amepewa mwenzake, bata mdogo mwenye kofia, wa kuchezwa na mtu wa pili. Padi ya pili haina mkono, basi bata husimama pale pale alipoanzia, akipepesa macho. Nguchiro akienda mbele, kioo kinamwacha bata nyuma, anakufa, halafu anadondoka tena kutoka juu, kando ya nguchiro, anasimama tena kama mjinga. Mtu yeyote mwenye akili angemwacha. Mkaza mjomba alikuwa akimrudia. Hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma, mpaka maadui wanamzonga na roho zinamwishia.

"Mwache huyo bata!" nilimkaripia. "Atakumaliza!"

"Simwachi."

"Basi nipe mimi hiyo padi nimchezeshe."

"Usiiguse." Alivyolitamka neno lile, sikurudia tena.

Tena mchezo haukuwa na kumbukumbu. Ukizima, kesho waanza mwanzo. Na ilibidi tuzime, kwa sababu alasiri walikuja wanawake kuhani msiba, wakala mahamri yetu, wakaulizana kama mjane amekonda au amenenepa. Amekonda, basi hapikiwi. Amenenepa, basi hana uchungu. Mama yangu alikaa katikati yao na tasbihi, akipima kila chozi la wifi yake. Lo, mwanamke yule alijua kupima! Chozi likichelewa kidogo alikohoa.

Eda ilikuwa inakaribia mwisho, na mama alikuwa ameanza kuhesabu masufuria, siku ile mkaza mjomba alipofika kwa dubwana la mwisho. Alikuwa hajapata kufika pale. Bata alikuwa amesimama kando, mzima, kofia kichwani, na nguchiro bado ana roho moja. Hatukusikia nyayo ngazini. Mlango ulifunguka, mama akaingia, amekuja mapema na wageni wake, nao wakajazana kizingitini nyuma yake.

"Njooni muone," alisema mama. "Ndugu yangu yuwaoza mchangani, mkewe yuwacheza. Njooni, jamani, musiogope."

"Astaghfirullah," alisema mmoja, huku akisogea mbele aone vizuri.

Mkaza mjomba hakugeuka. Vidole vilikuwa vikienda. Mama alikuja mpaka kando ya televisheni, akainama, akauliza kwa sauti laini ambayo sijapata kuisikia kwake: "Imebaki ngapi, wifi?"

Maskini ya Mungu, akadhani anaulizwa kwa wema. "Huyu tu, wifi. Huyu wa mwisho tu."

Mama akauchomoa waya ukutani.

Kioo kilipozimika, nilimwona mkaza mjomba bado anabonyeza. Mama hakuwa amemaliza. Aliketi kitandani, akavisogeza vitu vyote mbele yake juu ya shuka, akatangaza ili kila mtu asikie: "Mjane asiye na mtoto fungu lake ni robo. Sheria ya Mungu hiyo, si yangu mimi. Mashine, kaseti, padi mbili. Vinne. Chagua chako, usije ukasema umedhulumiwa."

Mwanamke mmoja alicheka, kisha wakacheka wote. Nilimwambia mama aache. Akanijibu, "Nani aliyekuuliza?" Nilimchukia mama yangu pale, chuki ya kweli, ya kutaka kumpiga.

Mkaza mjomba alinyoosha mkono akachukua padi iliyokuwa imelazwa juu ya mto, akauzungusha waya wake taratibu.

"Hata kuchagua hajui," alisema mama. "Kachukua ya pili, isiyocheza kitu."

Eda ilipoisha mkaza mjomba aliondoka na mabegi mawili ya nguo, na padi ile ndani ya kikapu. Mashine ikaja Buxton kwetu, mama akaiweka sebuleni karibu na picha ya kaka yake. Wala hakujua kuiwasha.

Niliiwasha mimi. Nilitaka kuumaliza mchezo ule kwa hasira tu. Nikachomeka padi moja iliyobaki, nguchiro akatokea, na bata yule, jamani, akaanza kukimbia! Peke yake! Ikiwa padi ya pili haipo, mashine humwendesha yenyewe. Aliruka mashimo, akapiga maadui, akaniokotea mapera ambayo sikuyaona. Niliumaliza siku ile ile. Mwisho wenyewe ni meza ya keki na wanyama wanacheza ngoma. Upuuzi mtupu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Bondeni. Mkaza mjomba alikuwa ameketi jikoni kwa mama yake, akichambua mchele, amekwisha mwili. Nikamwambia nimeumaliza.

Aliinua uso. "Na bata je? Alifika?"

"Alifika."

"Nani alimshikia?"

Angeuliza kitu kingine ningemdanganya. Hilo lilinijia ghafla, nikalijibu kama lilivyo. "Hakuna aliyemshikia. Ile padi ikitolewa, huenda mwenyewe. Huwa hasimami kabisa."

Mkono wake ulitulia juu ya ungo.

"Kumbe ni mimi," alisema, "niliyekuwa nikimzuia."

Nikasema siyo hivyo, ni mashine tu, ni waya tu. Hakunisikiliza. Aliweka ungo kando, akanimiminia chai, akaniuliza kama mama hajambo.