Chaki Nyeupe

Kiwandani walimwita Mzee Sikio, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa moja: kukaa kwenye lundo la vyuma chakavu karibu na tanuri, kukigonga mara tatu kwa nyundo ndogo kila chuma chenye uwazi ndani, na kusikiliza. Bomba tupu hulia. Bomba lenye maji hukohoa. Lililolia alilichora chaki nyeupe, likaenda kuyeyushwa. Lililokohoa alilichora nyekundu, likapelekwa kukatwa kwanza. Maji yakizama ndani ya chuma kilichoyeyuka hayana subira ya kuchemka. Hulipuka, na chuma chote kilicho juu yake huwarukia waliosimama karibu.

Aliyesimama karibu kuliko wote alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Walimwita Mpishi kwa sababu ndiye aliyelilisha tanuri.

"Mimi napika anachonichagulia baba mkwe," alizoea kusema. "Siku akinipa kibovu, msinililie, mlilieni yeye."

Na watu walicheka, na Mzee Sikio alicheka kuliko wote.

Sasa nisikufiche: Mzee Sikio alikuwa kiziwi. Vizibo vya masikio viligawiwa kila mtu, lakini yeye angevivaa vipi, naye kazi yake ni kusikia? Kelele za kiwanda zikamla taratibu, hadi sauti ya nyundo ikawa inamjia kwa mbali, kisha haiji kabisa. Hakumwambia mtu, hata binti yake. Aliyeishi kwa sikio, sikio likienda, atakula nini? Alijifunza kusoma midomo, na kuweka kiganja cha kushoto juu ya chuma ili mtetemo umwambie habari. Kwa mabomba membamba kiganja kilisema kweli. Kwa vyuma vinene hakikusema lolote, basi hivyo alivichora nyekundu vyote.

Ningemwita mjinga, lakini hebu mtazame na ofisa wa usalama, yule waliyempachika jina Bwana Tiki. Kila asubuhi alipita na fomu yake ya kupima hatari. Kofia? Tiki. Glavu? Tiki. Buti? Tiki. Mkaguzi wa vyuma yupo? Tiki. Fomu iliuliza kama mzee yupo. Haikuuliza kama anasikia, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpima.

Lundo la vyuma vyekundu likazidi kukua. Siku moja msimamizi akaja juu.

"Mzee wangu, siku hizi kila kitu nyekundu? Wakataji wamezidiwa, tanuri linangoja. Au ndiyo tumeshazeeka?"

Wakataji wakaangua kicheko. Neno hilo la mwisho mzee alilisoma vizuri sana kwenye mdomo wa msimamizi.

"Nani kazeeka?" akajibu.

Mbele yake ilikuwa jeki nene ya tingatinga, silinda yenye uwazi ndani, imezibwa na kutu ncha zote mbili. Akaigonga mara tatu, kiganja juu yake. Hakuhisi kitu. Mkono ukaelekea kwenye chaki nyekundu, kisha akaona msimamizi bado amemkodolea macho. Akachukua nyeupe. Huo ulikuwa woga, wala tusiupambe kwa jina jingine.

Mlipuko hakuusikia, aliuhisi kwenye nyayo. Alipogeuka, mabati ya paa yalikuwa yameng'oka na watu wanakimbia huku vinywa viko wazi, bila sauti. Mpishi alitolewa ndani ya turubai, wanne wamembeba.

Siku ya tatu mzee alikuwa kwenye benchi la korido hospitalini, pale pale alipokaa tangu siku ya kwanza. Bwana Tiki alikuja na fomu mpya. Chanzo: hakijulikani. Mkaguzi: mzoefu, hajawahi kukosea.

"Ni utaratibu tu," alisema, akimpa kalamu. "Hakuna anayekulaumu."

Mzee aliinamia karatasi kutafuta mahali pa kutia sahihi. Nyuma yake mlango wa wodi ulifunguka, binti yake akatoka.

"Baba."

Hakugeuka.

"Baba, ameshatutoka."

Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.

"Baba!"

Bwana Tiki alishtuka, akatazama juu ya bega la mzee, na kwa kumwona yeye akitazama ndipo mzee naye akageuka, uso wake ukiuliza kuna nini. Binti aliuangalia uso ule, akayaangalia masikio, akaiangalia fomu. Alikuwa amekua akijua baba yake anaishi kwa kazi gani.

"Tangu lini?" aliuliza, taratibu, kwa midomo zaidi kuliko sauti.

Angeweza kusema ni mawazo tu, ni uchovu. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Mwaka wa tatu sasa," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wasemavyo wasiosikia sauti zao wenyewe, na korido nzima ikasikia.