Kesi Huanza Saa Tano na Nusu

Tuanze na mwavuli, maana bila mwavuli ule mama huyu angekuwa profesa mapema zaidi, na mimi nisingekuwa na la kuwasimulia.

Ulikuwa wa buluu, mpini wa mbao, ubavu mmoja umepinda. Mwenyewe alikuwa mhadhiri wa sosholojia chuo kikuu, mama wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwepesi wa kucheka na mzito wa kuandika. Hilo la kuandika lishikeni, tutalirudia. Tangu darasa la kwanza mwalimu alikuwa akifuta ubao yeye bado yuko mstari wa pili, na jioni mama yake alizunguka kwa majirani kuazima madaftari ya wenzake ili mtoto anakili yaliyobaki.

Mtaani walimwita Daktari. Si wa sindano. Wapo waliowahi kumwonyesha magoti yanayouma, akawaeleza kwamba yeye kazi yake ni kusoma watu, anavyoishi mtu na mwenzake. "Basi lisome na hili goti," akaambiwa.

Alipoanza kutafuta shahada yake ya udaktari, wenzake walisafiri mbali kuchunguza watu wasiowajua. Yeye alivuka barabara mbili tu. Aliamua kuchunguza Waislamu wa mtaa wake, pale pale kwenye msikiti aliosomea alifu na be. Ubavuni mwa msikiti kulikuwa na chumba ambamo kila Jumanne Shehe alipokea mke na mume waliokorofishana. Chumba chenyewe kilikuwa na benchi mbili, meza iliyoegeshwa tofali mguu mmoja, na saa ya ukutani iliyokuwa dakika kumi mbele ili watu wawahi. Daktari alikuja na barua ya chuo yenye muhuri, akaomba akae pembeni na daftari lake, kuanzia saa nne hadi saa tano na nusu. Wenye kesi waliulizwa kama wanaridhia. Wakaridhia. Miaka kumi na minane hakuna hata mmoja aliyekataa, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi, lakini furaha ilikuwa imemziba macho.

Na alichokiona kilikuwa cha ajabu. Mke huanza, "Mume wangu ni mtu mwema." Halafu kimya. "Ila kuna jambo dogo." Kimya tena. Mume huitikia kwa kichwa, hungoja, husema, "Nakubali nina makosa." Kimya. Shehe huomba dua, watu hupeana mikono, na saa tano na nusu Daktari hufunga daftari akiwa amelowa jasho kwa kuandika.

Kwa Jumanne hizo alipata udaktari wake. Akapata makala, akapata kitabu. Sura iliyompa jina zaidi ilikuwa ya nne, yenye kurasa arobaini na moja, iliyohusu kile kimya baina ya sentensi. Alikiita kimya cha kutafakari. Profesa mmoja wa ng'ambo aliandika kwamba hapo ndipo penye mchango mkubwa. Kwenye makongamano, ambako watu walizungumzia Waislamu kama wanaotangaza hali ya hewa, joto kali, dhoruba, chukueni tahadhari, Daktari alisimama na Jumanne zake mia saba na ushei akawaonyesha mke na mume wakisameheana kwa dakika ishirini. Utabiri ukaishia hapo.

Ikabaki ngazi moja, uprofesa. Alitakiwa atoe mhadhara mbele ya jopo, aeleze kazi ya maisha yake na ahojiwe. Kadi za mwaliko zilishachapwa. Zilibaki wiki mbili.

Jumanne hiyo kesi ilikuwa ya fundi cherehani na mkewe. Ilikwisha vizuri kama kawaida. Daktari akaaga, akavuka barabara, akafika kituo cha basi, jua likampiga utosini, ndipo akaukumbuka mwavuli. Akarudi.

Hata mlangoni hajafika, akasikia:

"Sindano! Miezi saba nalala na sindano! Juzi nimechomwa hapa, Shehe, na hapa, na pengine siwezi kupataja humu!"

"Si ungetandika vizuri!"

"Nitandike nini, kitanda au duka la vifungo? Mwongo mkubwa wewe! Ulisema cherehani inakaa chumbani wiki moja!"

"Na mama yako alisema anakaa siku tatu!"

Kitu kikapiga meza, pa! Daktari akachungulia. Mke wa fundi, yule yule aliyekuwa akiongea kama anabembeleza mtoto, amesimama na ule mwavuli wa buluu ameushika kama rungu. Fundi amejikinga kwa benchi. Shehe amevua kofia, kipara kinang'aa kwa jasho, anapiga kelele, "Mmoja mmoja! Nimesema mmoja mmoja, nyie vipi!"

Wakamwona. Mke wa fundi akaushusha mwavuli taratibu, akaupangusa, akaulaza mezani. Akakaa. Akakusanya mikono mapajani.

"Mume wangu," akasema polepole, "ni mtu mwema."

Akanyamaza. Mkono wa Daktari, kwa mazoea, ukaingia mkobani kutafuta kalamu. Ukakwama humo humo.

"Shehe, hii ni kesi nyingine?"

"Ni ile ile, mwanangu."

"Si imekwisha saa tano na nusu?"

Shehe akavaa kofia, pengine apate heshima ya kujibia. "Saa tano na nusu ndiyo huwa inaanza."

"Tangu lini?"

"Tangu ulete ile barua. Iliandikwa kwamba unatafuta shahada. Tukasema mtoto wetu ana mtihani, na mtihani wenyewe ni sisi. Tukirushiana maneno mbele yake si atafeli?"

"Shehe, shahada nimeipata miaka kumi na mitatu iliyopita!"

"Lakini hukuacha kuja," fundi akasema kwa huruma. "Tukajua unarudia darasa."

Daktari alitoka akausahau mwavuli mara ya pili. Hakwenda chuoni, alikwenda kwa mama yake. Bi mkubwa alikuwa uani anakunja nguo zilizokauka.

"Mama, ulikuwa unajua habari za Jumanne?"

"Habari zipi?"

"Kwamba wananiigizia."

Mama akaikunja shuka ncha kwa ncha. "Kwani unadhani nani aliwafundisha?"

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Kila Jumatatu nawapitia hao wanawake. Nawaambia, semeni sentensi moja, halafu nyamazeni mpaka kalamu yake isimame. Akiinua kichwa, endeleeni. Mkono wako mimi naujua, huo si mkono wa kukimbizana na mtu aliyekasirika."

Daktari akatafuta kiti, akakosa, akakalia ndoo iliyofudikizwa. Sura ya nne. Kurasa arobaini na moja. Kimya cha kutafakari, mchango mkubwa, kumbe walikuwa wanamngoja amalize kuandika.

Mama akaiacha nguo. Akamtazama kwa hofu kweli kweli. "Hukufaulu?"

"Nilifaulu, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Siku mbili baadaye Shehe alimfuata chuoni. Ofisi ilikuwa ndogo, na kiti cha mgeni kilikuwa kimebeba vitabu mpaka begani, kwa hiyo mzee alisimama, ule mwavuli wa buluu mkononi.

"Tumekaa kikao," akasema. "Fundi na mkewe wako tayari kuja wasameheane mbele ya hao maprofesa wako. Dakika ishirini tu. Wameshazoea."

"Hapana, Shehe. Nitasema ukweli."

"Useme tunapigana na miavuli? Watu wenyewe wanavyotutazama, wanatafuta cha kutusema, wewe ukawape?"

Hapo ndipo palipomuuma hata Daktari, na usiku mbili alikuwa hajapata usingizi wa maana. Akisema, uprofesa unaweza kumponyoka, na midomo mibaya ikapata chakula. Asiposema, atasimama mbele ya watu na kitabu ambacho sasa anajua kina nusu ya asubuhi tu.

"Nitawaambia kuna mwanamke amechoka kulala na sindano," akasema mwishowe. "Nani hajui ugomvi wa namna hiyo? Ila sisemi bila ruhusa yao."

Ruhusa ilikuja jioni hiyo hiyo, mke wa fundi mwenyewe kwenye simu. "Sema, Daktari. Jina usilitaje, ila cherehani itaje. Huenda akiona aibu ataiondoa."

Siku ya mhadhara ukumbi ulijaa. Mama alikaa mstari wa mbele. Shehe alikaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu asiye na hakika ya mwisho wa shughuli. Mwenyekiti wa jopo alikuwa profesa mkongwe ambaye wanafunzi walimwita Mzee Tanbihi, kwa sababu kitabu alianza kukisomea yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa, akipata muda ndiyo anapanda juu.

Daktari aliweka kitabu chake mezani akasimulia kila kitu, mwavuli, kalamu, barua, Jumatatu za mama. "Miaka kumi na minane," akasema, "nilidhani nachunguza jinsi watu wanavyosuluhishana. Kumbe nilikuwa naandika jinsi mtaa mzima unavyomsitiri mtoto wake asifeli. Nacho ni kitu cha kuandikwa, ila sikukiandika kwa jina lake."

Ukumbi ulicheka, ukacheka zaidi ilipofikiwa sura ya nne. Mzee Tanbihi hakucheka.

"Swali," akasema. "Umedanganywa hadi saa tano na nusu. Una ushahidi gani kwamba baada ya hapo nako si maigizo?"

Nyuma kabisa mtu akasimama.

"Samahani, mheshimiwa," Shehe akasema, akavua miwani akaiinua juu, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi. "Hii imevunjwa mara tatu. Zote baada ya saa tano na nusu."

Mzee Tanbihi akaitazama kwa muda mrefu, akaandika kitu, chini kabisa ya karatasi.

Jopo lilijifungia dakika arobaini. Lilipotoka likasema kazi ni nzuri na msema kweli anaheshimiwa, lakini haiwezekani kumpa mtu uprofesa kwa kesi ambazo yeye mwenyewe amekiri hajazisikia. Arudi baada ya mwaka, na hiyo nusu nyingine.

"Si nilisema watamfelisha!" mama akapaza sauti, akageukia nyuma. "Shehe, ni nyie! Miwani ya nini sasa?"

Jumanne iliyofuata Daktari alikwenda. Fundi na mkewe walikuwepo, maana cherehani ilikuwa bado chumbani. Saa nne mpaka saa tano na nusu walisameheana kama kawaida. Saa ikagonga. Daktari hakuinuka.

Wote watatu wakaitazama kalamu. Akaitia mkobani. Wakalitazama daftari. Akalikalia. Shehe akakohoa. Feni ikazunguka. Kimya hicho hakikuwa cha kutafakari wala cha kumngoja mtu, kilikuwa cha watu wasiojua pa kuanzia.

"Mke wangu," fundi akajikongoja, "ni mtu mwe..."

"Wee! Usinianze!" Mkewe akaruka. "Mtu mwema mwenye matundu kama chujio!" Akainamia kushoto, akainamia kulia, kisha akamgeukia Daktari. "Na wewe nawe umekaa hapo na hicho kichwa! Hebu sogea huko, nimwone huyu mwongo vizuri!"

Miaka kumi na minane, ndani ya chumba kile, hakuna aliyewahi kumwambia sogea. Daktari akasogea upesi, magego yote yako nje kwa kicheko, akasikiliza neno kwa neno bila kupitwa hata na moja. Lakini kwanza, kwa mguu, aliusukuma mwavuli chini ya benchi, mkono wa mke wa fundi usipofika.