Gemu la Kumpelekea Mbwana

Usiku ule, walioniletea viroba walipoondoka, nilifunga mlango nikakaa kitandani nikavitazama. Viroba viwili vya sembe, vimejaa CD za gemu mpaka mdomoni. Juu yake mashine yenyewe imefungwa kwa khanga, na pedi mbili, moja imezungushiwa utepe mweusi pale ilipopasuka. Mali ya marehemu Mbwana, rafiki yangu. Mchana wake tulikuwa tumemsomea arobaini, na baada ya watu kula, mkewe, shemeji yangu Mwanahawa, aliomba wanyamaze. Yuko edani, kwa hiyo alisema akiwa nyuma ya pazia la chumbani, na sisi tumekaa ukumbini kwenye mikeka.

Alisema, "Vile vitu vyake vya kuchezea apewe Rajabu. Rajabu angekuwepo kitandani kwa mwenzake kila siku, ila kifua kilimzuia, daktari alimkataza kusogelea mgonjwa. Mimi rafiki kama huyo sijaona."

Watu wakasema mashaallah. Nikainamisha kichwa, wakadhani nalia.

Kifua changu hakikuwa na kitu. Wala daktari sijamwona tangu mwaka ule nilipochomwa na mwiba wa mkonge kwenye jicho, na hilo nalo ni hadithi nyingine, naliacha.

Lakini nieleze kwanza habari ya haya magemu, maana mtu atashangaa wazee wazima wanafanya nini na vitu hivi. Mimi ni mtu wa mkonge. Shule niliishia darasa la pili, nikaingia shambani, kisha kiwandani, kwenye korona, ile mashine inayosaga majani mpaka yabaki nyuzi. Kelele zake ndizo zilizoniua sikio la kushoto. Mbwana alikuwa fundi wa televisheni, kibanda chake kiko nyuma ya soko pale Korogwe. Mwenye banda la gemu la jirani alimletea mashine aitengeneze, pamoja na CD zake zote, kisha akahama mji asirudi. Mbwana akangoja, akangoja. Siku moja akaniambia, "Rajabu, hebu tuijaribu kama imepona." Tukaijaribu miaka saba.

Watu walitucheka. Muuza dagaa mmoja alikuwa akipita anapiga kelele, "Nyie wazee, hamna wajukuu wa kuwapa hivyo vitu?" Mbwana hageuki. Anajibu, "Wajukuu wana utoto wao. Sisi wa kwetu uliishia kwenye kupalilia mkonge, ndiyo kwanza tunaulipiza." Na huku ananifunga bao.

Majina ya CD yameandikwa kizungu, na mimi hata Kiswahili nasoma kwa kufuatisha kidole. Basi Mbwana akachukua kalamu ya wino mzito akanichorea kila moja alama yake. Mpira, hili la mpira. Gari, la mbio. Mtu na upanga, la vita. Moja aliichora kuku. Nikamuuliza, humu mna kuku? Akasema, "Hamna. Hilo sijalielewa ni la nini, nimechora kuku ili tukilikosa tujue tumekosa nini." Ndivyo alivyokuwa.

Na tulikuwa na sheria yetu. Kwenye mabanda mengine anayefungwa anaachia pedi mwingine akae. Mbwana alisema kumwinua mtu mzima kwenye kiti chake ni kumvunjia heshima, heri achague yeye mwenyewe mahali pa kufungiwa tena. Kwa hiyo kwetu aliyefungwa ndiye anayechagua gemu linalofuata. Mara ya mwisho nilifungwa mimi, nne bila. Kuchagua kukabaki kwangu. Kesho yake Mbwana akapigwa na kiharusi.

Sasa usiku ule nimekaa na viroba, najiambia nichague hata moja niiweke, nicheze kidogo kwa kumkumbuka. Natoa mpira, narudisha. Natoa gari, narudisha. Nikatoa kama hamsini nikazipanga kitandani, sikuona ya kuiweka. Usingizi ukanichukua nimekaa hivyo hivyo, mgongo ukutani.

Nikajikuta kiwandani, kwenye korona. Mkanda unatembea, ule unaobeba majani ya mkonge kuyapeleka kusagwa, ila juu yake hamna jani hata moja. Ni CD. Zinakuja zimelala chali, nyingi hazina mwisho, na mimi ndiye niliyesimama pale pa kuchambua. Nikiiacha inapita inasagwa. Nikiishika, ya nyuma yake inanipita. Cha ajabu mashine haina kelele. Sikio langu la kushoto likawa linasikia, linasikia mpaka maji yanayodondoka nje.

Kule mwisho wa mkanda kuna kiti cha plastiki, na Mbwana amekikalia. Kavaa shati lake la kazi, lile lenye alama ya moto wa kuchomelea mfukoni. Mdomo wake umenyooka. Hilo ndilo nililoliangalia kwanza, nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe amepona, mbona hawajanipa habari.

"Rajabu."

"Naam."

"Bado unachagua?"

"Nachagua, ndugu yangu. Ni nyingi."

Nikashika moja, mpira. Nikasema hili linataka mikono miwili. Nikashika gari. Hili litamtia kizunguzungu. Nikashika la upanga, nikasema mgonjwa hapelekewi damu. Nazisema sababu kwa sauti, moja moja, kama mtu anayejibu barazani, na yeye ananisikiliza kwa adabu, kichwa amekiinamisha kidogo. Kila nikisema sababu, shati lake linazidi kuwa kubwa. Mabega yanaingia ndani. Nikaona niharakishe. Nikashika nyingine, haina alama. Na inayofuata haina. Zote zinazokuja hazikuchorwa kitu, zinang'aa tu kama kioo, nikaiinamia moja nitafute mchoro, nikaona dirisha.

Nalijua dirisha lile. Ni la chumba cha Mbwana, lenye nondo za kijani. Na mimi nimesimama nje.

Hapa sina budi niseme jambo nililomficha kila mtu. Mimi nilikwenda. Jumanne ya wiki ya pili ya ugonjwa wake, nilikwenda, na gemu la mpira mfukoni mwa shati. Kabla ya kubisha hodi nikapitia upande wa dirishani nichungulie kama hajalala, nisije nikamwamsha. Nikamwona Mwanahawa amekaa chini anamlisha uji. Uji ukiingia unatoka upande wa mdomo uliolegea, unashuka kidevuni, na yeye anaukinga kwa kijiko anamrudishia, kama mtoto wa miezi sita. Mkono wa kushoto wa Mbwana umelala juu ya shuka, kiganja juu, umesahauliwa. Mkono ule ulikuwa unaokota skrubu ndogo kama sisimizi bila koleo.

Nikaishika ile CD mfukoni. Nikajiambia, Rajabu, hili la mpira linataka mikono miwili, utamtia uchungu bure. Ngoja urudi ukabadilishe. Nikarudi. Na wallahi, pale njiani niliamini nakwenda kubadilisha. Nilifika nyumbani nikachagua mpaka magharibi, zile chache alizoniazima. Kesho yake nikachagua tena. Mwanahawa akanipigia simu.

"Shemeji, mgonjwa anakuulizia."

"Anasemaje?"

"Kusema hawezi. Anachezesha dole gumba la mkono mzima, hivi, hivi, kutwa. Mimi ni nani nisijue anamtaka nani?"

"Naja, shemeji. Namchagulia gemu litakalomfaa."

"Leta lolote, shemeji."

Akapiga tena wiki nyingine. Nikaona haya kusema bado nachagua, nikakohoa kwenye simu. Nikasema kifua, nikasema daktari. Neno lenyewe lilinitoka lepesi mno. Akaniombea dua, mimi, akiwa na mgonjwa wake mikononi. Mwezi haukuisha Mbwana akafa.

Basi ndani ya ndoto nimesimama dirishani pale pale. Safari hii Mwanahawa hayupo. Mbwana yuko peke yake juu ya godoro, bakuli liko mbele yake na kijiko kimo ndani. Mdomo umerudi kupinda. Ananitazama.

"Ingia."

Na mimi, Mungu anisamehe, hata ndotoni, hata kwa mtu niliyemtia mchanga kwa mikono yangu, nasema, "Ngoja nikabadilishe gemu."

Akacheka. Kicheko chake kile kile cha kibandani, cha kunifunga bao la mwisho. Hakikuwa na chuki. Kingekuwa na chuki ningepata nafuu. Nikasikia uso unaniwaka, nikataka kuondoka, miguu haiendi. Nyuma yangu hamna njia, ni CD tupu zimejaa uani mpaka kwenye ua wa makuti. Nikikanyaga zinavunjika.

"Rajabu, uji unapoa."

Sijui niliingiaje. Nondo zile sikuzipita, wala mlango sikuuona. Nimekaa chini, bakuli liko mapajani pangu, kijiko mkononi. Kijiko cha kwanza nikammwagia kifuani. Akasema, "Tena." Cha pili kikaingia, kikatoka, kikashuka kidevuni. Nikaukinga, nikamrudishia. Akameza. Nikamlisha na kingine. Harufu ya uji wa ulezi, ndimu kidogo, joto lake kwenye vidole vyangu. Nikamfuta kidevu kwa upande wa kiganja changu, ndevu zinachoma.

Kumbe ni uji tu. Hicho ndicho nilichokikimbia, uji.

Tukamaliza bakuli. Sikumbuki kama tulizungumza. Kisha nikaona mdomo umenyooka tena, na shati limemkaa sawa, na chumba si chumba, tuko kibandani, televisheni zilizofunguliwa migongo zimetuzunguka.

Akasema, "Mwanahawa anakusifu."

"Namsikia."

"Ameuingiza uongo wako kwenye arobaini yangu. Yeye hajui. Wewe unajua."

Nikaokota skrubu moja sakafuni.

"Kamwambie ulifika. Na lile usiliache."

"Lipi?"

Alinitazama tu, kama alivyonitazama siku ile. Mimi nikayakwepa macho yake nikaangalia viroba. Nilipoinua uso kiti ni kitupu, na kuku wanalia nje, na kumepambazuka. CD zimetapakaa kitandani, nyingine nimezilalia. Nilikuwa nimelia, mto umelowa.

Sikunywa chai. Nikanawa uso, nikaswali, nikatoka na ule ujumbe kinywani nikiogopa usije ukaharibika njiani, maana najijua. Nilipofika sokoni ulikuwa umeshaanza kubadilika. Nikawa najisikia nasema, shemeji, nilifika ila nikaona mmeshughulika. Nikasimama. Nikaurudisha ulivyokuwa. Mtu wa machungwa akanisalimia, nikampungia mkono tu, sikuthubutu kufungua mdomo.

Dada mkubwa wa Mwanahawa, Bi Kibibi, anayekaa naye edani, ndiye aliyenipokea.

"Karibu. Viroba vimefika salama?"

"Vimefika. Namtaka shemeji, nina neno."

Akaniweka ukumbini, akaingia ndani kumwambia, akarudi na ungo wa mchele. Nikasikia jamvi linavutwa nyuma ya pazia, na sauti ya Mwanahawa.

"Shemeji, za asubuhi? Kifua kinaendeleaje?"

"Shemeji, kifua sikuumwa. Daktari hakuwepo. Nilifika hapa Jumanne ya wiki ya pili, nikachungulia dirishani, nikakuona unamlisha uji. Nikarudi nyumbani. Nikakuambia nachagua gemu."

Bi Kibibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mkono wake ukasimama. Nikangoja matusi. Nilikuwa nayataka. Yalipochelewa, nikaanza kujisikia nimemaliza, nikawa nimeshashika nguzo ya mlango niondoke.

Mwanahawa akauliza, polepole, "Siku hiyo, uso wake alikuwa ameuelekeza wapi?"

Nikajua hapo ni lipi aliloniambia nisiliache. Kwenye haya niliyoyasema sikulisema, na hata kichwani mwangu kwa siku zote hizo nilikuwa nalipita kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai.

"Dirishani, shemeji," nikasema. "Alikuwa ameelekea dirishani. Tulitazamana. Dole gumba lilianza kucheza, alidhani naingia."

Nikasikia ameshusha pumzi, ndefu, mara moja. Bi Kibibi akaweka ungo chini akaniangalia kama ananiona leo.

Kisha Mwanahawa akasema, sauti yake kavu, "Dada, mpe kigoda akae. Na wewe shemeji, rudia tangu ulipotoka kwako. Usiruke kitu."

Nikakaa. Nikaanza.