Kisanduku Kilichouliza "Una Hakika?"

Iko siku moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi pale Malaba, katikati ya miaka ya tisini, na malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka forodhani hadi nje ya mji. Nilikuwa kijana mwenye digrii mpya, nimeajiriwa katika ofisi ndogo iliyowaandalia madereva karatasi za kuvukia Uganda. Chuoni nilizoea kuhoji kila kitu. Nilihoji mahubiri, nikahoji serikali, nikahoji hata kwa nini wazee hunyamaza kwanza ndipo wajibu. Kitu kimoja tu sikuwahi kukihoji, nacho ni kazi ya mikono yangu.

Ofisi ilikuwa na kompyuta moja. Nilikuwa nimeiandikia faili la amri, yaani orodha fupi ya maagizo ambayo mashine huyatekeleza moja baada ya jingine bila kusaidiwa. Ukibonyeza 1, ilichapa karatasi za malori yanayosubiri. Ukibonyeza 2, ilizifuta zote ndani ya kompyuta, kazi ya Ijumaa jioni malori yakishavuka. Niliona ni kavu mno, nikataka ipendeze. Kwa programu ndogo niliyopewa na rafiki kwenye diski, nikaongeza kisanduku cha buluu kilichojitokeza katikati ya kioo na kuuliza: "Una hakika?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Ndiyo ilikuwa imeshachaguliwa. Enter moja tu ilitosha. Nilijiona fundi.

Aliyeitumia ni Mama Amoit, mpiga chapa wetu, mjane aliyekuja kila siku kwa baiskeli kutoka Adungosi na kusomesha watoto watatu kwa kazi hiyo. Jumatatu ile, madereva wakiwa wamemzonga, kidole chake kiliangukia 2. Kisanduku kikauliza. Akabonyeza Enter. Karatasi za malori kumi na moja zikapotea.

Dereva mmoja Mganda aliyebeba mchele akachungulia kioo kitupu, akaniita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, kompyuta imekula mchele yangu hata kabla haijaiva?"

Wenzake wakacheka. Mkubwa wetu hakucheka. Alimwambia Mama Amoit akusanye vitu vyake aende.

"Lakini boss, iliniuliza kama niko na hakika," akasema Mama Amoit. "Nikasema ndiyo."

"Hakika ya nini?"

"Haikusema."

Mwanangu, nilikuwa nimesimama hapo hapo, na nilinyamaza. Nilijiambia kosa ni lake, si aliulizwa? Nyani haoni kundule.

Mzee Etyang, karani mkongwe aliyepeleka karatasi zetu forodhani, alinishika mkono akanitoa hadi barazani. Ng'ambo ya barabara askari alikuwa akimhoji dereva getini. "Sikiliza hapo," akaniambia.

Askari akauliza, "Una hakika?" Dereva akajibu, "Ndiyo, afande," kabla swali halijaisha.

"Kwa nini amejibu haraka hivyo?" Mzee Etyang akaniuliza.

"Kwa sababu ana hakika."

"Kusoma yote hiyo na bado? Kijana, hapa ukisitasita lori inawekwa kando, mzigo inateremshwa yote, unakaa siku mbili. Sisi watu wa mpaka tukiulizwa hivyo tunasema ndiyo hata usingizini. Umemuuliza huyo mama kama afande wa geti, na yeye amekujibu kama dereva. Sasa anafukuzwa kwa swali yako, na wewe unaangalia tu."

Mficha uchi hazai. Nilirudi ndani nikamwambia mkubwa, mbele ya madereva wote, kwamba mtego niliutega mimi, na kama lazima mtu aende basi niende mimi, lakini baada ya malori kuvuka. Sikungoja jibu. Niliwaomba madereva karatasi walizotoka nazo Mombasa, nikamwomba Mama Amoit aketi. Yeye akasoma, mimi nikaandika upya, lori baada ya lori. Hatukula mchana. Lori la kumi na moja lilipovuka saa kumi, mkubwa, ambaye kufikia hapo alikuwa amevuta kiti na kutupangia kurasa, alimwambia Mama Amoit, "Kesho usichelewe."

Nami hakunifukuza. Kesho yake nilimuuliza Mama Amoit jambo nililopaswa kumuuliza mwanzoni: angependa kisanduku kimwambie nini? "Kinitajie gari zenye inataka kufuta," akasema. "Na kinitajie kama zinaweza kurudi." Basi nikakiandika upya. Kikataja kila lori kwa namba yake, kikaeleza kwamba karatasi zake zikifutwa hazirudi, na safari hii kitufe cha Hapana kikawa kimeshachaguliwa. Anayetaka kufuta alilazimika kuandika neno FUTA, herufi kwa herufi. Mama Amoit alikijaribu mara tatu. "Sasa hii inaongea kama mtu," akasema.

Nawe unayehoji kila kitu, sikukatazi, hoji. Lakini unapomuuliza mtu, mweleze unauliza nini na kitatokea nini akikubali. Mwachie njia ya kukataa bila hofu, maana 'ndiyo' ya mwoga si ridhaa. Na swali lako likimponza mwenzako, usijifiche nyuma ya jibu lake. Simama useme ni lako, siku hiyo hiyo, kabla hajafungasha.

Mungu akupe akili ya kuuliza vizuri, mwanangu, na uti wa mgongo wa kusimama pale utakapokuwa umeuliza vibaya.