Gramafoni Yangu Ilikuwa Inakimbia

Habari za msiba nilizipata Jumanne, nikiwa kwenye foleni ya sukari. Mama aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniambia, "Yule fundi gramafoni wa Mtaa wa Kongo, Mngoni wa makelele, kazikwa jana Kinondoni. Hukusikia?" Sikuwa nimesikia. Nilitoka kwenye foleni bila sukari, nikaenda hadi dukani kwake, nikakuta pamefungwa, nikarudi nyumbani, nikaenda tena. Tangu siku hiyo sijatulia. Na ninyi wasomaji wangu mnahusika, kwa sababu mlisoma uongo kwenye safu hii mkauamini.

Marehemu alitengeneza redio na gramafoni ili ale, lakini kilichomweka hai ni roki nzito. Santuri za muziki huo zilimfikia kwa treni kutoka Zambia, mikononi mwa wafanyakazi wa reli, na hakuna aliyezinunua. Kariakoo ilitaka dansi na taarabu. Basi kila Jumamosi ya mwisho wa mwaka, kazi zikishakwisha, alitoa spika barazani, akapanga mabenchi na kubandika kipande cha boksi mlangoni: Santuri Yatima za Mwaka Huu. Alizipiga zote, pande zote mbili. Ukimwomba aruke wimbo alikujibu, "Mgeni hakatizwi akizungumza." Wauza nyanya walimtania kwamba anaozesha nyanya zao, kisha wakakaa hadi mwisho, na wengine walianza kuuliza mwaka ujao kutakuwa na nini.

Mwaka juzi aliniazima moja. "Ndugu mwandishi, hii imeonewa kuliko zote. Isikilize, halafu uisemee." Nilisikiliza nyimbo mbili nikaizima. Niliandika hapahapa kwamba ni kelele za panya waliobanwa mlangoni, muziki wa kibeberu unaoharibu vijana wetu. Sentensi ile ya panya niliipenda sana, niliisoma kwa sauti ofisini watu wakacheka. Wiki hiyohiyo balozi wa nyumba kumi alifika barazani kwa fundi, gazeti mkononi. "Ndugu fundi, gazeti limesema. Hiyo spika iingie ndani." Ikaingia, na mwisho wa mwaka ule baraza lilikuwa tupu.

Mwaka jana sindano ya gramafoni yangu ilikwisha, na fundi mwingine wa kuaminika sikumjua. Nikampelekea yeye, uso mkavu. Akaifungua, akagusa swichi ya mwendo, ikagoma. "Hii umewahi kuishusha?" akauliza. Nikamuuliza kuishusha wapi. Wasomaji, kama nyumba nyingi za mjini, mimi nilikuwa na santuri ndogo tu za bendi zetu za dansi, ambazo huzunguka kwa kasi. Santuri kubwa hutaka mwendo wa polepole. Swichi yangu ilishika kutu kwenye kasi tangu nilipoinunua gramafoni, na sikujua hata kwamba inasogea. Fundi aliitia mafuta, akaishusha, akaweka santuri ileile ya panya, niliyokuwa nimemrudishia. Panya hawakuwamo. Lilikuja gitaa zito, zito kwelikweli, na sauti nene ya kijana akiimba Kibemba juu ya baba yake aliyeko chini ya mgodi wa shaba. Beberu wangu alikuwa mtoto wa mchimba shaba. Nilitamani ardhi inimeze.

Fundi hakucheka. Alisema tu, "Basi andika." Nikamwambia nitaandika wiki ijayo. Kila tulipokutana aliniuliza, "Bado?" nami nikajibu bado, nafasi gazetini ni finyu. Uongo mwingine huo. Nafasi ilikuwepo, nilichokosa ni uso wa kuwaambia nilihukumu kitu ambacho sikukisikia. Siku hizi sote tuna haraka ya kumtambua adui, na aliye na kalamu ana haraka zaidi. Methali ya haraka mnaijua. Mimi pia niliijua, na haikunisaidia.

Jana mjane wake alinifungulia duka. Juu ya meza palikuwa na kipande cha boksi cha mwaka huu unaokwisha. Marehemu aliendelea kuandika orodha ya santuri zake yatima hata bila baraza. Mjane akaniuliza, "Utaandika kweli, shemeji, au bado nafasi?" Nikakaa, nikazipiga zote, pande zote mbili. Kuna ya vijana watatu wa Zambia, mpiga ngoma wao anapiga kama anayepasua magogo. Kuna ya Nairobi yenye gitaa linalounguruma kama lori linalopanda mlima wa Kitonga, na juu yake msichana anaimba bila wasiwasi wowote. Kuna ya Waingereza iliyoachwa na familia iliyohama Upanga. Upande wa pili, gitaa la besi linabaki peke yake muda mrefu, nami nililia pale. Zote ni nzuri, na mwaka mzima hakuna aliyezisikia. Kwa sehemu kubwa sababu ni mimi.

Nimejifunza kwamba kabla ya kuihukumu sauti ya mtu, mtu akague kwanza chombo kilichomletea sauti hiyo. Nimejifunza nikiwa nimechelewa. Lakini Jumamosi ya mwisho wa mwaka haijafika, na mjane amekubali kuyafuta vumbi mabenchi. Kwa hiyo, ndugu balozi, ikiwa bado unasoma safu hii: gazeti limesema. Spika itoke nje.