Fito za Kimo katika Mchanga wa Mlingotini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa filimbi, debe la chokaa ya kuchorea uwanja na fito mbili za kimo, nikaambiwa nitie saini kuwa nimevipokea. Ilikuwa Bagamoyo, katika ofisi ya elimu ya wilaya, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu kijana, nimesomesha miaka miwili tu huko Mapinga, ambako wakati ule kulikuwa na mikorosho na nyumba za kuhesabika, si hivi viwanja mnavyogombania leo. Cheo changu kipya kilikuwa Msaidizi wa Michezo ya Shule. Watu walikiona kirefu, wakaniita Bwana Michezo, na jina hilo likanifuata mpaka sokoni.

Mkuu wangu, Afisa Elimu wa Wilaya, alikuwa mtu mfupi na mkimya, kaptula yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Aliniketisha akaniuliza kama filimbi naijua. Nikasema naijua. Akaniuliza kama kupiga chokaa najua. Nikasema najua.

"Basi jifunze fito, Mwalimu," akasema. "Ugomvi wote wa michezo ya watoto umo humo."

Fito zenyewe zilikuwa mbili, zimechongwa ncha chini. Ulizipigilia ardhini mpaka alama nyekundu iliyopakwa rangi ilingane na ardhi, kisha ukalaza kijiti juu yake kama lango dogo. Mtoto aliyepita wima bila kugusa kijiti aliandikwa kundi la wadogo. Aliyekigusa alikwenda kundi la wakubwa. Cheti cha kuzaliwa wakati ule kilikuwa cha watoto wachache wa mjini. Ukimuuliza bibi umri wa mjukuu wake, anakwambia alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, na mvua nyingi zilikuwa zimenyesha miaka mingi. Kwa hiyo tulipima kimo.

Haikuwa haki kamili, sitawadanganya. Mfupi mwenye misuli alipita, na mrefu wa juzijuzi akazuiwa. Lakini sheria ilikuwa moja kwa wote, na kila mzazi aliweza kuiona kwa macho yake. Watoto walikuwa na ujanja wao. Kuna waliokuja wamenyoa upara, kuna waliokunja magoti ndani ya kaptula pana, na mwalimu mmoja aliwafundisha wanafunzi wake kutoa pumzi yote kabla ya kupita, sijui akidhani kichwa kinashuka. Niliwarudisha nyuma wote, wakapita tena huku wanacheka.

Leo vyeti viko tele, na vijeba navyo viko tele. Namwona mtu ana ndevu amesimama katikati ya watoto, cheti chake kinasema ana miaka kumi na mitano, na viongozi wake wanampigia makofi. Ukisema, unaambiwa, "Mzee, acha mambo ya zamani." Sawa, mimi ni wa zamani. Wakati wetu mchezaji aliyebishana na refa alitolewa, na baba yake akamwongezea nyumbani. Siku hizi refa ndiye anayekimbia. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, watoto wanaungua juani, kisha anatumia nusu saa kusifu uongozi wake mwenyewe. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo. Naona somo hilo limefutwa ubaoni.

Nirudi kwenye fito. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka shule za wilaya kabla ya mashindano, nikipima na kuandika majina. Nilianzia Miono, bara, ambako ardhi ni ngumu kama matofali. Kila mtoto alipogonga kijiti fito zilitikisika, nami niliziegemea nikazikandamiza kwa uzito wangu wote ili zisimame imara. Ardhi ya Miono haikukubali hata nukta. Alama nyekundu ilibaki palepale. Basi nikaizoea tabia ile, kila baada ya watoto wachache nakandamiza.

Mwaka wangu wa tatu nikaenda Mlingotini. Uwanja wa shule ulikuwa mchanga mtupu, maana bahari iko hapo karibu. Nilipigilia fito vizuri asubuhi, alama ikalingana, nikaanza. Watoto walikuwa wengi na wenye furaha, wakigonga kijiti, nami nikikandamiza kama nilivyozoea. Mchana ulipoingia walikuwa wamebaki wasichana, na mbele yao alikuwa Mwanahawa.

Sifa zake zilikuwa zimenifikia mjini. Mwalimu Mkuu wa shule ile alinieleza kuwa hakuna mvulana wa rika lake aliyemwona usoni akikimbia, wote walimwona mgongo. Baba yake, Fundi Mbwana, alikuwa seremala wa milango na madirisha, mtu wa dini na wa maneno machache. Alikuwa amemruhusu binti yake akimbie Bagamoyo mbele za watu kwa sharti moja: akimbie na wasichana wadogo. Akishakuwa mkubwa, basi, atakaa ndani kama wenzake walivyokaa. Wapo watakaomcheka. Mimi sikumcheka wakati ule na simcheki leo. Mzazi aliyeweka sharti na kulitaja mapema amemtendea mwanawe haki kuliko anayeruhusu leo na kukataza kesho.

Mwanahawa alinyoosha shingo, akapita, kijiti kikaanguka.

"Mkubwa," nikasema, nikaandika.

Akaenda kusimama na wakubwa. Waliomfuata nao walikigonga, mmoja baada ya mwingine. Nikajisemea kuwa watoto wa Mlingotini wanakula samaki, ndiyo maana wanarefuka.

Watoto walipokwisha kutawanyika nikang'oa fito. Ufito wa kwanza ulipotoka nikaona alama nyekundu imejaa mchanga mbichi. Ilikuwa imezama vidole vitatu. Nikaung'oa wa pili, vilevile. Nilisimama pale nikijua kabisa nilichofanya. Dereva wa gari la idara alikuwa amewasha injini, na bado nilitakiwa kupita shule nyingine. Nikazipangusa fito kwa mkono, nikazitia garini, nikaondoka. Najuta mpaka leo kwa kule kuzipangusa.

Siku ya nne Mwalimu Mkuu wa Mlingotini aliingia ofisini kwetu amechoka, baiskeli kaiegemeza mlangoni.

"Bwana Michezo, Mwanahawa hayupo shuleni."

"Anaumwa?"

"Yuko ndani. Baba yake anasema serikali yenyewe imempima mwanawe mbele ya watu, ikamwita mkubwa. Mkubwa hakimbii, na mkubwa hakai darasani na wavulana. Nimembembeleza mpaka nimekauka koo. Ananijibu, 'Mwalimu, fito si zangu, ni zenu.'"

Nilikuwa nimedhani nimemnyima mtoto mbio moja, kumbe nimemtoa shule. Nikainuka, nikabisha mlango wa Afisa Elimu, nikamweleza yote. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha siku nne.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mchanga ulizizamisha fito?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema nimejua leo. Nikasema, "Siku ileile, bwana, nilipozing'oa."

"Basi kosa si la mchanga," akasema. Akaifunika kalamu yake. "Nikiandika barua, Fundi Mbwana ataona ofisi inamlazimisha. Chukua fito, nenda kamwambie wewe mwenyewe. Na useme ulijua siku ileile. Usipunguze hata neno moja."

Nilikwenda kwa baiskeli, fito nimezifunga kwenye fremu. Fundi Mbwana nilimkuta ametoka kuswali Alasiri, amekaa na wazee wawili kwenye baraza ya nyumba yake, baraza ya saruji. Nikawaamkia wote.

"Marahaba," akaitikia. "Karibu, Bwana Michezo. Umekuja kumpima nani tena?"

Nikasimama pale chini, nikaeleza. Niliposema kuwa niliona alama imezama, nikaipangusa na kuondoka, mzee mmoja akaguna akatazama pembeni. Fundi Mbwana hakutazama pembeni.

"Mimi nikimpimia mtu mlango ukapungua vidole vitatu," akasema, "sisemi ukuta umekonda. Naubomoa mlango."

"Ndiyo, Fundi. Nimekuja kuubomoa."

Akaingia ndani, akatoka na guniya yake, kile kipimo cha seremala cha pembe mraba, na ubao wa kupimia. Akazipima fito zangu kuanzia alama nyekundu kwenda juu, moja baada ya nyingine, akaridhika kuwa zinalingana. Kwa kuwa saruji haipigiliwi, akawapa wale wazee wawili wazishike kwenye ukingo wa baraza, ncha zikishuka chini, alama ikalingana na sakafu, akalaza kijiti mwenyewe. Akaita. Mwanahawa akatoka amejitanda kanga, amenyong'onyea. Mama yake alikuwa nyuma yake, ameshika kizingiti.

"Simama wima," baba yake akamwambia. "Usijikunje. Kama ni mkubwa tujue, kama ni mdogo tujue."

Akapita. Kijiti hakikutikisika. Fundi Mbwana akapitisha kidole kati ya kijiti na mahali kichwa kilipokuwa, akakipitisha tena.

"Mdogo," akasema. Mama akaufunika uso wake kwa upande wa kanga, nikajua analia. Na mimi nilitaka kulia, ila nilikuwa mtu wa serikali.

Mwanahawa alirudi shule kesho yake. Kwenye mashindano ya wilaya alishika nafasi ya pili, akapitwa kwa hatua moja na msichana wa Miono aliyekuwa mfupi na mwepesi. Fundi Mbwana alikuwapo, amevaa kanzu na kofia. Nilipokwenda kumpa mkono nikaanza kusikitika, akanikatiza. "Kapitwa, hakudhulumiwa," akasema. "Hayo ni mambo mawili." Mwaka uliofuata Mwanahawa alikuwa mkubwa kweli, akaacha mbio kama ilivyoahidiwa. Darasani baba yake alimwacha, akamaliza masomo.

Baada ya hapo nilihamishiwa Pangani, nikakaa miaka mingi chini ya wakuu wengine wawili, mmoja mkali na mmoja mvivu, kisha nikarudi Bagamoyo nikiwa mkuu wa kitengo changu mwenyewe. Kila niliyemwajiri nilimsimulia habari za Mlingotini. Nilizisimulia kwenye semina, redioni na kwenye vikao vya waamuzi, na hata siku ya kuniaga, nilipostaafu. Nilisema sheria kali haimwonei mtu, anayeonea ni aliyeishika akaona aibu kusema amekosea. Watu walipiga makofi. Niliamini maneno hayo, na bado nayaamini.

Mwaka jana nilikwenda Mlingotini kuzika. Baada ya mazishi mama mmoja mtu mzima akanijia, mtandio mweupe kichwani, uso mchangamfu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Macho yangu hayakupati."

"Huwezi kunijua. Nimesikia mara nyingi ulivyorudi na fito nyumbani kwa marehemu Fundi Mbwana. Mwanahawa ni shoga yangu, amenihadithia, na wewe nimekusikia redioni."

Nikafurahi. Nikamwambia mambo yale yalinifundisha kazi.

"Siku ile nilikuwa nyuma yake kwenye mstari," akasema. "Tulikuwa sita nyuma yake, sote ulituandika wakubwa. Uliporudi na fito tulikimbia kuja, tukajipanga kwenye ua wa jirani. Mimi nilikuwa nimesuka nywele upya, nikasema nizifumue zisije zikanizidishia kimo. Tukakuona unazifunga kwenye baiskeli."

Hakulisema kwa hasira. Aliniuliza na hali ya afya yangu, akanishika mkono kunisaidia kuvuka mtaro, akaenda kuungana na wanawake wenzake.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejihesabu mtu aliyerudi kusahihisha kosa lake. Nilirudi kwa ajili ya mtoto mwenye mbio, ambaye Mwalimu Mkuu alikuja kumsemea. Wale sita sikuwahi hata kuyasoma majina yao, na niliyaandika kwa mkono wangu.